Digrii, diploma au kibarua: njia tatu za kuingia kwenye kazi ya samaki ukitokea Kisumu au Nakuru

Mpwa wangu alinikuta ndani ya maji. Nilikuwa nimemshika ngege (tilapia) jike, kichwa kimeelekea chini, kidole gumba kikimfungua taya polepole, na mayai yakimwagika kwenye beseni kama punje za mtama. Ngege huatamia mayai mdomoni. Ukitaka vifaranga wa umri mmoja, lazima umnyang'anye. Binti alisimama ukingoni, simu mkononi, akasubiri nimalizane na yule wa mwisho.

"Mjomba, habari ya asubuhi. Maombi ya vyuo kwa KUCCPS yanafungwa wiki hii. Nimepata C+ kwenye mtihani wa kidato cha nne, na mimi nataka mambo ya samaki. Baba anasema kama ni samaki tu, nisimalize pesa za watu, nije hapa unifundishe."

Swali hili nimeulizwa na vijana wengi, wa Kisumu, wa Siaya, hata wa Njoro. Kila mara najibu nusu nusu kwa sababu mikono imelowa. Leo nimekauka, kwa hiyo nalijibu lote.

Njia ni tatu. Kuna digrii ya miaka 4. Kuna diploma au cheti cha chuo cha kati. Na kuna kuanza kama kibarua kwenye shamba la samaki, ukajifunza kwa macho na kwa makosa. Mimi nilipita njia ya diploma. Mabosi wangu wamekuwa watu wa digrii, na aliyenifundisha kusoma maji ni mzee asiye na karatasi hata moja. Upendeleo wangu nautaja mapema ili usije ukaushtukia mbele: kwa anayetaka kazi ya mikono, naona diploma haipewi heshima inayostahili. Ila kuna watu ambao ningewakataza kabisa.

Mlangoni unaulizwa nini

Sehemu hii ni fupi. Digrii inataka C+ kwenda juu, na baiolojia na kemia zako ziwe na nguvu, maana ushindani ni wa alama za masomo husika. Diploma ni C-. Cheti ni D. Chini ya hapo kuna kozi za ufundi za daraja la chini ambazo hazikufungii mlango, unapanda ngazi kwa ngazi. Kibarua anaulizwa kama anajua kuogelea.

Kwa huku kwetu, jina la kwanza la digrii ni Chuo Kikuu cha Eldoret, chenye idara ya uvuvi na sayansi ya maji. Wazee bado wanakiita Chepkoilel, kwa sababu kilikuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupata hati yake 2013. Kwa ngazi ya kati, watu wa Nakuru wana bahati ya kuwa na Naivasha. Chuo cha wanyamapori na uvuvi kilianzishwa pale 1985, kikapita mikononi mwa KWS, shirika la wanyamapori, na sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Usikariri jina la kozi ulilosikia kwa binamu yako aliyesoma zamani. Fungua mtandao wa KUCCPS uone kozi gani imefunguliwa muhula huu, kwani majina na ngazi hubadilika.

Mwaka wa kwanza mikono yako iko wapi

Hapa ndipo njia zinapoachana.

Mwanafunzi wa digrii huanza na kemia, hesabu, takwimu na seli. Samaki wa kwanza anayekutana naye huenda akawa ndani ya chupa ya fomalini. Baadaye yanakuja mambo makubwa: jinsi ziwa linavyofanya kazi, namna ya kukadiria samaki waliobaki ziwani bila kuwahesabu mmoja mmoja, magonjwa, lishe, na mwisho utafiti wake mwenyewe. Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, kwa kawaida ni mara moja, kwenye likizo ndefu. Ni kipindi kifupi kwa miaka 4, na wengi wanakiri hivyo.

Mwanafunzi wa diploma huvaa buti za mpira mapema. Kwenye mfumo wa sasa wa umahiri, mtihani haukai kwenye karatasi pekee. Mkaguzi anasimama anakutazama unavyopima kidimbwi, unavyovuta wavu, unavyofungasha vifaranga. Ukishindwa kufunga mfuko wa oksijeni, utaambiwa hujawa tayari, hata kama unajua kueleza oksijeni ni nini.

Kibarua siku ya kwanza anapewa brashi. Anasugua matangi. Siku ya pili anasugua matangi. Wiki ya tatu, kama hajatoroka, mzee anamwita: njoo uone hii.

Huyo mzee wangu alikuwa na kipimo kimoja, mkono wake. Anauzamisha kwenye kidimbwi hadi kiwiko na kutazama kiganja. Kama anakiona vizuri, maji hayana chakula cha asili, leta samadi. Kama kiganja kimepotea kabla kiwiko hakijalowa, maji yamezidi ukijani, acha kurutubisha. Miaka baadaye nilifundishwa darasani kifaa rasmi cha kazi hiyohiyo, kisahani cheusi na cheupe kinachoning'inia kwenye kamba. Nilicheka peke yangu hadi mwalimu akaniuliza kuna nini.

Vyuo viko juu, samaki wako chini

Jambo hili sijaliona kwenye brosha yoyote. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Naivasha karibu 1,900. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,130 hivi. Ngege anataka maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hamu ya kula inapungua na ukuaji unadorora. Mkulima wa Ahero anavuna baada ya miezi 6 hadi 8 wakati mwenzake wa Njoro bado anamwangalia samaki wa saizi ya kiganja na kujiuliza alirogwa na nani.

Kwa hiyo ukisomea huko juu, wa digrii na wa diploma sawasawa, atachimenti uifanyie huku chini. Usikubali kuimalizia kwenye ofisi iliyo karibu na hosteli yako. Kuna Sang'oro kule Nyakach, kituo cha ufugaji cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Kuna Kegati, Kisii, cha haohao. Kuna shamba la Kibos la Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, hapa hapa Kisumu. Kuna kampuni za vizimba, za kufuga samaki kwenye nyavu ziwani, kule Homa Bay, Victory Farms ikiwa mojawapo ya kubwa. Andika barua mapema, na ukipigiwa simu uliza swali moja: nitashika nini? Mimi sikuuliza. Atachimenti yangu ya kwanza, mahali ambapo sitapataja, niliimaliza nikifyeka nyasi na kumletea bosi chai. Ripoti niliyoandika ilisifiwa sana.

Naivasha ina faida nyingine inayosahaulika. Pale unajifunza uvuvi wa ziwani ukiwa na ziwa lenyewe: mashua, nyavu, doria, kiboko anayekutazama. Unaona kapi, samaki mgeni aliyeingia ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, akageuka kuwa mavuno makuu. Anayetaka kuwa afisa wa ufuoni, wa kupima matundu ya nyavu na kukaa na kamati za ufuo, atapata mengi pale. Anayetaka kufuga atapaswa kuyatafuta mengine nje ya lango.

Siku damu ilipogeuka chokoleti

Nimesema nina upendeleo. Basi nisimulie kisa kinachonipinga.

Tulikuwa na matangi ya ndani ambayo maji yake yanachujwa na kurudishwa. Asubuhi moja vifaranga wakaanza kuhema juu ya maji. Mimi na mzee tulifanya tulichozoea: tukafungua maji mapya na kuongeza hewa. Kwenye kidimbwi cha nje dawa hiyo hufanya kazi, kwa sababu usiku mwani nao unavuta oksijeni, alfajiri inakuwa imekwisha, samaki wanapanda kuhema, na jua likitoka wanashuka. Lakini hapa jua lilitoka, hewa ilikuwa tele, na bado walikufa. Tukaongeza pampu. Wakafa.

Alikuwepo dada mmoja wa digrii, mpya, ambaye sisi wa buti tulimwita "daktari" kwa kejeli. Hakusema mengi. Alimchukua mmoja, akafunua shavu. Matamvua, ambayo huwa mekundu kama nyama mbichi, yalikuwa na rangi ya kahawa. "Hii ni nitriti, sumu ya uchafu wa samaki. Hewa ipo, ila damu haiwezi kuibeba." Akaomba chumvi. Chumvi ya kawaida ya jikoni! Akapiga hesabu ya ujazo wa tangi, akaipima, akaimwaga. Akaeleza kwamba kloridi iliyo kwenye chumvi huizuia nitriti kupita kwenye matamvua, na kwamba kichujio chetu kilikuwa kipya mno, bakteria wake wa kuivunja sumu hiyo hawajakomaa, na sisi tulikuwa tumelisha kama kwamba wameshakomaa. Kufikia jioni vifo vilipungua. Tangu siku hiyo "daktari" likawa jina la heshima.

Hapo ndipo digrii inapolipa, siku ambayo mazoea yamekwisha. Shamba dogo la vidimbwi vitatu halioni siku kama hizo mara nyingi. Kituo kikubwa cha vifaranga, au kampuni yenye vizimba mia, huziona kila msimu.

Kazi yenyewe inamtaka nani

Chukua kituo cha vifaranga kwanza, maana ndiko niliko. Vifaranga wa ngege hulishwa chakula chenye homoni kwa siku 21 hadi 28 ili karibu wote wawe madume, kwani madume hukua haraka na kidimbwi hakijai watoto. Kipimo cha kawaida ni miligramu 60 za homoni kwa kilo ya chakula, inayeyushwa kwenye spiriti kisha chakula kinaanikwa kikauke. Nimewaona vibarua wakichanganya dawa hiyo kwa mikono mitupu, bila glavu wala barakoa, kwa sababu hakuna aliyewaambia inapenya ngozi. Hili peke yake linanitosha kumwambia shemeji yangu kwamba "njoo ujifunze tu" si elimu ya bure. Ina bei, ila risiti huletwa baadaye.

Kwenye kambare ni vivyo hivyo. Unamchoma jike sindano ya homoni jioni, unahesabu saa kulingana na joto la maji, na alfajiri unamkamua mayai. Ukimkamua mapema, hayatoki. Ukichelewa, yameharibika. Aliyesoma diploma vizuri anaijua hesabu hiyo, na mkono wake umeshaizoea. Kazi hii ni ya diploma kuliko zote, na sijaona wa digrii akiipata bila kwanza kukaa miezi kadhaa chini ya mtu wa diploma.

Vizimba vya ziwani ni dunia nyingine. Saa kumi na moja mashua inaondoka, upepo wa ziwa bado umelala. Mlishaji anarusha pelleti kwa mkono na kutazama: wakichemka juu ya maji anaendelea, wakitawanyika anaacha. Watu wa nje wanaona hiyo ni kazi ya mtoto. Chakula ndicho zaidi ya nusu ya gharama zote za kufuga, na pelleti iliyozama bila kuliwa ni pesa iliyooza chini ya kizimba. Nimewaona vibarua wa zamani wakilisha vizuri kuliko yeyote mwenye cheti, na kampuni yenye akili huwapandisha kuwa wasimamizi. Lakini ngazi yao hukatikia hapo. Nafasi ya meneja ikitangazwa, karatasi inaitwa.

Halafu kuna siku ziwa linapojigeuza, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda, na samaki wa mtu wanaelea wote kwa asubuhi moja. Wafugaji wa upande wa Kisumu wanaijua hasara hiyo. Hapo anatakiwa mtu wa kupima oksijeni kila siku na kuandika, kisha mtu wa kuyasoma maandishi hayo na kusema vizimba visogezwe. Wa kwanza anaweza kuwa wa cheti. Wa pili, afadhali awe wa digrii.

Kazi ya kaunti nitaipitia haraka. Uvuvi uligatuliwa, kwa hiyo mwajiri ni kaunti, na ajira ni za kusubiri. Kwa kawaida wa diploma huingia kundi la mshahara la H na wa digrii kundi la K, na pengo hilo utalisikia kila mwisho wa mwezi. Kama ndoto yako ni ofisi ya kaunti, chukua digrii, usinisikilize mimi. Ila ujue utakapotumwa kwa mkulima wa Vihiga atakuuliza jambo moja, kwa nini samaki wake hawakui, na wala hatakuuliza kundi lako la mshahara.

Wa mwisho ni anayetaka shamba lake. Wengi bado wanakumbuka vidimbwi vya serikali vya mwaka 2009, vya mita za mraba 300, vilivyochimbwa kwenye maeneo bunge mengi. Nenda Kakamega au Siaya uvitazame leo. Vingine vina samaki, vingi vina vyura. Kuchimba hakukuwa tatizo. Vifaranga bora vilikosekana, chakula kikawa ghali, na mtu wa kurudi kumtazama mkulima baada ya uzinduzi hakuwepo. Kwa mwenye shamba, cheti cha mwaka mmoja pamoja na msimu mmoja wa kibarua kwa mtu anayepata faida kinatosha kabisa. Miaka 4 ya chuo kikuu kwa ajili ya vidimbwi viwili ni kununua trekta ulime bustani ya sukuma.

Unaweza kuchanganya, lakini kwa mpangilio

Diploma yenye kredi, yaani alama nzuri, inakupeleka digrii, na vyuo vingine hukupunguzia muda. Njia hii ni ndefu, lakini unaitembea ukiwa umeajiriwa. Kutoka digrii kurudi kujifunza kushika wavu pia inawezekana, ingawa inataka unyenyekevu ambao si kila mwenye kofia ya mahafali anao. Kibarua naye anaweza kuomba ujuzi wake utambuliwe rasmi, utaratibu upo nchini, na ningemsukuma kila mlishaji wa miaka mitano aulizie kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu naye.

Anayependa maji kuliko samaki, yaani anayetaka kujua ziwa linapumuaje, aangalie mbali zaidi. Egerton, pale Njoro, inashirikiana na vyuo vya Austria na Uholanzi kwenye shahada ya uzamili ya elimu ya maziwa na ardhi oevu. Huyo aende digrii bila kusita.

Na nitakaowakataza diploma ni wale wanaoichukua kama adhabu. Nimewapokea wa aina hiyo kwenye atachimenti. Wanashika wavu kama wameshika nguo chafu ya mtu mwingine.

Mpwa wangu alikaa siku nzima. Mchana tulikuwa tunafungasha vifaranga 1,000 wa mkulima wa Kakamega: theluthi ya mfuko maji, theluthi mbili oksijeni, raba, kisha kwenye boksi kabla gari halijaondoka. Nilimweleza kwamba tangu jana hawajalishwa, kwa sababu wakisafiri na tumbo lililojaa wanachafua maji yao wenyewe. Sikumficha kwamba mwaka wangu wa kwanza kazini niliwalisha asubuhi ya safari kwa huruma, na mteja akafungua mifuko ya mizoga.

Akanyamaza kidogo. "Mjomba, uchafu wenyewe ndio uliowaua, au amonia? Na mngetia ile chumvi ya yule dada kwenye mfuko?"

Nikamwambia aombe Eldoret kwanza, Naivasha iwe akiba. Anakuja kwangu, akisubiri barua ya kuitwa chuoni, kusugua matangi. Baba yake amefurahi, anadhani ameshinda. Nimemtumia ujumbe amnunulie binti buti, kwa sababu zangu ni namba kumi na zitabaki kwenye matope akitoka.